Kiungo mkabaji wa mwili yumo kwenye sufuria ya pweza Mafia

KATIKA usajili wa kabla ya msimu wa 2003/04, Real Madrid walimleta David Beckham, kisha wakamwachia Claude Makélélé aende zake Chelsea. Kwa shabiki wa kawaida ilionekana biashara ya maana. Ametoka mtu wa kukaba, ameingia mtu wa krosi, mipira ya adhabu na jezi za kuuza dunia nzima. Msimu huo Madrid wakamaliza nafasi ya nne, na ubingwa wa La Liga haukurudi Bernabéu hadi 2007. Chelsea wao wakabeba Ligi Kuu England mara mbili mfululizo, 2005 na 2006.

Mwili wa kila mchezaji una Makélélé wake. Hafungi, hatoi pasi ya mwisho, hapigwi picha. Anaitwa seleniamu, madini ambayo mtu mzima anahitaji maikrogramu 55 tu kwa siku, kiasi kinachokaribia uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Yakiwepo, hakuna anayejua kama yapo. Yakikosekana kwa muda mrefu ndipo watu wanaanza kuulizana kulikoni.

Kama kuna mahali Tanzania ambako mchezaji hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili ya seleniamu, ni kisiwani Mafia. Lakini biashara ya makopo ya virutubisho haina bahari wala kivuko. Matangazo ya vidonge vya kuongeza pumzi, kukuza misuli na kurudisha nguvu yanaingia kwenye simu ya kijana wa Kilindoni sawasawa na ya mwenzake wa Kariakoo, na kwenye orodha ndogo nyuma ya makopo hayo seleniamu haikosekani. Mchezaji wa ligi ya wilaya, ambaye viatu vyenyewe anaazima, anaambiwa atoe pesa anunue kitu ambacho bibi yake anakichemsha jikoni.

KAZI YAKE DIMBANI

Mchezaji anayekimbia dakika 90 anachoma chakula kwa hewa ya oksijeni, na hakuna moto usio na moshi. Ndani ya seli, sehemu ya moshi huo ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotoa povu ikimwagiwa kwenye kidonda. Ikiachwa izagae inaunguza kuta za seli, za misuli zikiwemo. Mwili una vimeng'enya vya kuizima. Kimoja kinaitwa glutathaioni peroksidezi, na mwaka 1973 wanasayansi waligundua kwamba katikati yake imekaa seleniamu. Bila hiyo, mfagiaji anabaki uwanjani lakini hana ufagio.

Kazi nyingine iko shingoni. Kila Mtanzania amesikia habari ya chumvi yenye madini joto na ugonjwa wa rovu. Madini joto yanatengeneza homoni ya tezi ya shingo, lakini sehemu kubwa ya homoni hiyo inatoka kwenye tezi ikiwa bado imelala. Vinavyoiamsha ni vimeng'enya vyenye seleniamu. Ikishaamka, ndiyo inayopanga kasi ya injini nzima: joto la mwili, mapigo ya moyo, namna chakula kinavyogeuzwa kuwa nguvu. Hawa ni mabeki wa kati wawili wanaocheza kwa kuelewana, na itaonekana mbele kilichotokea Zaire pale alipoongezewa nguvu mmoja peke yake.

Halafu kuna misuli. Kati ya asilimia 28 na 46 ya seleniamu yote iliyomo mwilini imehifadhiwa kwenye misuli inayoshika mifupa, yaani mapaja, ndama za miguu, mgongo. Madaktari wa mifugo walijua umuhimu wake zamani: wanakondoo na ndama waliozaliwa kwenye malisho yasiyo na seleniamu hupata ugonjwa wa misuli myeupe, wakashindwa kusimama, wengine moyo ukasimama ghafla.

Kwa binadamu kisa kinachojulikana zaidi kimetoka China. Mwaka 1935 katika wilaya ya Keshan, kaskazini mashariki mwa nchi, uligunduliwa ugonjwa wa moyo uliokuwa unaua hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Moyo unavimba, unalegea, unashindwa kusukuma damu. Ilichukua miongo kugundua kwamba udongo wa eneo hilo ulikuwa karibu hauna seleniamu, hivyo na nafaka zake zilikuwa hazina. Katika miaka ya 1970 watoto walianza kupewa vidonge vya madini hayo na wagonjwa wapya wakapungua sana. Hapo vidonge vilistahili sifa, kwa sababu kulikuwa na pengo la kweli la kuziba.

Pengo kama hilo halipo China peke yake. Uchambuzi uliochapishwa 2014 ulikadiria kwamba asilimia 28 ya watu barani Afrika wako katika hatari ya kutopata seleniamu ya kutosha kwenye chakula. Jirani zetu wa Malawi wamepimwa kwa karibu zaidi, na utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wanawake wenye umri wa kuzaa walikuwa na kiwango cha chini. Sababu ni mahindi yaliyolimwa kwenye udongo wenye tindikali, ambao unaing'ang'ania seleniamu usiiachie mmea. Ila katika ramani hiyo hiyo kulikuwa na ukanda uliokuwa na nafuu: watu waishio jirani na lile ziwa ambalo Watanzania wanaliita Nyasa. Watafiti wanadhani ni kwa sababu ya samaki.

PWEZA, CHANGU NA MUHOGO

Kwa upande wa samaki, Mafia hawana wa kuwafundisha. Kisiwa hiki cha mkoa wa Pwani, kilichokaa mbele ya mdomo wa Mto Rufiji, ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania mwaka 1995. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, wanasogea hadi karibu na Kilindoni. Wageni wanalipa pesa nyingi kuja kuogelea nao. Wenyewe potwe wamefuata dagaa na vijidudu vya baharini.

Hesabu za sahani ya Mafia zinasomeka hivi, kwa mujibu wa majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina takriban maikrogramu 90 za seleniamu. Yaani kipande cha kujaa kiganja kinamaliza mahitaji ya siku na chenji inabaki. Jodari yuko juu kidogo ya hapo. Samaki wa jamii ya changu wanakaribia 50, na kamba nao wako maeneo hayo hayo. Dagaa ana faida yake nyingine: analiwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na seleniamu mlaji anapata kalsiamu bila kulipia zaidi.

Upande wa pili wa sahani mambo ni tofauti. Muhogo, ambao ni mhimili wa chakula kisiwani, hauna hata maikrogramu moja kwa gramu 100. Wali uliopikwa una kama saba. Nazi, zao lililowalisha na kuwavisha watu wa Mafia kwa vizazi, ina kama 10 kwenye nyama yake, lakini hakuna anayekula nyama ya nazi gramu 100 kwa siku. Watu wanakamua tui. Korosho ni nafuu kidogo, ila konzi moja haifikishi hata maikrogramu 10. Kwa lugha ya mpira, timu ya Mafia inamtegemea mchezaji mmoja. Kitoweo cha baharini kikiwa kwenye sahani, kila kitu kiko sawa. Kikitoka, benchi halina mtu.

Na hapo lazima iguswe habari ya supu ya pweza, maana shabiki gani wa mpira hajawahi kuisikia? Kuanzia Feri Dar es Salaam hadi Forodhani Unguja, supu hiyo inauzwa kwa tabasamu la pembeni na ahadi ya nguvu za kiume. Sayansi inawapa wauzaji nusu ya pointi. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kuwa protini yenye seleniamu ni sehemu ya muundo wa mkia wa mbegu ya kiume. Ikikosekana, mbegu haiogelei vizuri. Huko Glasgow, utafiti wa 1998 uliwapa seleniamu wanaume wenye shida ya kupata watoto waliokuwa na kiwango cha chini, na mwendo wa mbegu zao ukaongezeka. Hayo ni mambo ya uzazi. Yale mengine yanayosimuliwa kwenye vijiwe vya supu, kwamba bakuli moja la jioni linabadilisha usiku, seleniamu haihusiki nayo. Mwenye ushahidi ni muuza supu.

FARASI 21 WA FLORIDA

Sasa kopo. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilichapisha msimamo wa wataalamu wake kuhusu virutubisho vya wanamichezo. Vilivyotajwa kuwa na ushahidi mzuri wa kuongeza kiwango moja kwa moja uwanjani, tena katika mazingira maalumu, vilikuwa vitano: kafeini, kreatini, naitreti, beta-alanini na baikaboneti. Seleniamu haimo. Kundi la wataalamu wa UEFA nalo, katika mwongozo wao wa lishe kwa wachezaji wa kulipwa, wanatanguliza chakula na kuonya juu ya makopo ambayo ndani yana vitu visivyoandikwa nje. Hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kwamba mchezaji mwenye seleniamu ya kutosha akiongezewa nyingine atakimbia zaidi, atapona haraka zaidi au hatakata moto dakika ya 80. Dogo anayebanwa misuli kila kipindi cha pili huenda hana maji, hana usingizi, hajala wanga wa kutosha, au amekimbia kuliko mazoezi yake yanavyoruhusu. Kama anachoka mapema kuliko wenzake, vipimo vya kuanza navyo ni vya damu na malaria.

Tatizo la Makélélé huyu ni kwamba hataki wawili. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni maikrogramu 400 kwa siku kwa vipimo vya Marekani, na mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilikishusha hadi 255. Nafasi kati ya kinachofaa na kinachodhuru ni ndogo kuliko ilivyo kwa virutubisho vingi. Dalili za kuzidisha zinaonekana kwa macho na kusikika kwa pua: nywele zinanyonyoka, kucha zinakatika, pumzi inanuka kama kitunguu saumu, tumbo linachafuka, mishipa ya fahamu inaumia. Ni China hiyo hiyo iliyokufa kwa uhaba kule Keshan ambayo pia ilishuhudia vijiji vya Enshi, mkoani Hubei, watu wakipoteza nywele na kucha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu udongo wao ulijaa madini hayo.

Mwaka 2008 nchini Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilitoka kiwandani kikiwa na seleniamu mara 200 ya ile iliyoandikwa kwenye lebo. Watu 201 waliathirika. Waliokunywa hawakuwa wazembe. Walikuwa wanafuata maelekezo ya chupa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya wanamichezo wa miguu minne. Aprili 2009, huko Wellington, Florida, timu ya polo ya Lechuza Caracas ilikuwa inajiandaa kwa mechi ya mashindano makubwa ya nchi hiyo. Farasi wake walichomwa sindano ya mchanganyiko wa vitamini na madini, kitu cha kawaida cha kuwaondolea uchovu. Dawa ilikuwa imechanganywa kwenye duka la dawa kwa oda maalumu, na kipimo cha seleniamu kilikosewa. Farasi wakaanza kuyumba na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Walikufa 21. Walikuwa wanyama waliofunzwa kwa miaka, wenye thamani kubwa, wasiokuwa na upungufu wowote wa madini hayo.

ZAIRE NA DAR ES SALAAM

Hata mahali penye upungufu wa kweli, kidonge si jibu la moja kwa moja. Kaskazini mwa Zaire, Kongo ya sasa, kulikuwa na maeneo yaliyokosa madini joto na seleniamu kwa pamoja, rovu zimejaa na watoto wengine wamedumaa mwili na akili. Watafiti waliwapa watoto wa shule seleniamu peke yake kwa miezi miwili. Matokeo yaliyochapishwa 1991 yaliwashtua: kiwango cha homoni ya tezi kilishuka. Seleniamu iliamsha vimeng'enya vinavyoitumia homoni hiyo, wakati madini joto ya kutengenezea nyingine hayapo. Beki mmoja alipanda kushambulia, mwenzake hayupo, goli likaingia. Kuanzia hapo wataalamu wakasisitiza kwamba madini joto yatangulie.

Dar es Salaam nayo ina kurasa zake katika historia hii. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia kwa miaka wajawazito zaidi ya 900 wanaoishi na VVU, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba waliokuwa na seleniamu kidogo kwenye damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Mtu angedhani dawa imepatikana. Wakarudi na jaribio la vidonge, maikrogramu 200 kwa siku, tena kwa wanawake zaidi ya 900. Matokeo ya 2008: vidonge havikupandisha kinga ya akina mama wala kushusha wingi wa virusi. Kulikuwa na dalili ya nafuu kwa watoto waliovuka wiki sita, lakini kile kilichotarajiwa zaidi hakikuja. Kiwango cha chini kwenye damu kinaweza kuwa kovu la ugonjwa na si chanzo chake. Ni sawa na timu inayopoteza mechi nyingi kuwa na jezi zilizochakaa. Kununua jezi mpya hakupandishi timu daraja.

Kazi hizi za Muhimbili hazitajwi sana kwenye mazungumzo ya lishe ya wanamichezo, wakati ndizo zilizofanyika hapa nyumbani, kwa watu wanaokula ugali huu huu.

KINACHOONDOKA NA MAJI

Kwa hiyo swali la Mafia si kopo. Swali ni nani anamla pweza. Bamvua ikifika na maji yakapwa mbali, kina mama na vijana wa Jibondo na vijiji vingine hushuka miambani kumchokoa. Wanaume wanazamia kwenye kina. Miaka ya nyuma sehemu nzuri ya mawindo ilirudi jikoni. Pweza akawa bidhaa ya nje. Leo wanunuzi wanasubiri ufukweni na mizani, anawekwa kwenye barafu, anavushwa bara, na sehemu kubwa ya pweza wa pwani ya Tanzania inaishia kwenye meza za Ulaya. Hakuna wa kumlaumu mama anayeuza. Pesa ya pweza inanunua sare za shule, daftari na dawa. Lakini inanunua pia unga na mchele wa kutoka bara, na kwenye hesabu ya seleniamu huo ni usajili wa Beckham.

Bahati nzuri pweza ana haraka ya kukua. Anaishi kama mwaka mmoja hivi, na akiachwa atulie kwa miezi michache uzito wake unapanda kwa kasi. Ndiyo sababu vijiji kadhaa katika ukanda wa Bahari ya Hindi, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwemo, vimejaribu kufunga miamba kwa muda na kuifungua kwa pamoja. Mwamba ukifunguliwa, wanatoka pweza wakubwa, kiasi cha kuuza na cha kubakiza. Kinachobakizwa ndicho kinachomhusu mchezaji.

Samaki wakubwa wana tahadhari yao, na isipotajwa itakuwa si haki. Papa, nduaro na jodari wakubwa hukusanya zebaki kwa kuwa wanakula wengine. Seleniamu inaishika zebaki na kupunguza makali yake, lakini haimpi mjamzito ruhusa ya kula papa kila siku. Pweza, changu wadogo na dagaa hawana kesi kubwa hiyo.

Anabaki kijana wa Mafia ambaye amepata timu bara. Anavuka hadi Nyamisati, anapanda basi, anaingia kambini au kwenye chumba cha kupanga Mbagala. Sahani inabadilika siku ya kwanza: ugali na maharage mchana, chipsi jioni. Hapa kidogo makocha wavumilie, maana chipsi mayai, chakula wanachokitukana kila wiki, kina mayai mawili yenye jumla ya maikrogramu 30 hivi, zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku. Mafuta yake ni kesi nyingine. Kipande cha kuku kinaongeza. Ugali unategemea mahindi yametoka udongo gani, na mfuko wa unga hauandiki.

Hata hivyo bahari haiko mbali naye hivyo. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, wakachemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani, wanasafirishwa kwa viroba hadi masoko ya Dar es Salaam. Kijana huyo anaweza kuwakuta Mbagala wakiuzwa kwa kopo la kupimia, bei ambayo haigusi hata kifuniko cha lile kopo jingine. Cha kumuuliza muuzaji ni kama wamekauka vizuri, na kama hawana mchanga.